Bibi ana miaka mingapi?

Leo nimempeleka Bibi ofisini kwa mara ya tatu. Kitambulisho chake cha taifa, kile alichoandikishiwa mwaka 2014, kinasema alizaliwa 1954. Yeye anasema labda kadi ndiyo iliyozaliwa 1954.

Kadi imempunguzia miaka tisa tu, lakini ndiyo inayomnyima pesa za wazee. Mpango wa SAGE, ule wa serikali ya Uganda wa kuwapa wazee pesa, ulipopanuliwa nchi nzima, umri uliwekwa 80, na mzee hupata shilingi 25,000 kwa mwezi. Si nyingi. Kwa Bibi ni sukari, sabuni na dawa ya kuchua magoti.

Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, lazima niseme. Alimwita jaja, yaani bibi kwa Kiganda, akamtafutia kiti, halafu akaomba cheti cha kuzaliwa. Cheti! Mtu aliyezaliwa chumbani kwa mama yake, hapa hapa Bombo. Bibi akamweleza taratibu: Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliporudi kutoka uhamishoni Uingereza, mwaka 1955, yeye alikuwa Kampala kwa shangazi yake. Wakatoka barabarani kutazama, na yeye kambeba mdogo wake mgongoni.

"Sasa mwanangu, mimi wa mwaka mmoja nilimbebaje mtoto?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana naye akacheka, akatuandikia tarehe nyingine ya kurudi.

Njiani kwenye teksi nilikuwa na hasira, ila si zote zilikuwa za kijana yule. Habari ya Kabaka nimeisikia leo kwa mara ya kwanza. Naishi na Bibi miaka yote hii, namnunulia dawa, najiona mjukuu mwema, na kumbe jioni nikikaa naye huwa niko kwenye simu.

Tulipofika alivua viatu, akaketi mkekani na kuchukua kawa alilokuwa anasuka. Macho yamechoka; tundu la sindano analitafuta kwa ncha ya kidole. Rangi lakini hakosei: nyekundu mizunguko mitatu, kijani, kisha nyeusi. Moja humchukua wiki mbili. Mteja wa mwisho alimkata bei nusu, eti bibi anajipitishia muda tu.

Nikamuuliza huyo mdogo aliyembeba alikuwa nani.

Akachomeka sindano kwenye ukili, akanitazama.

"Kaa chini basi. Na hiyo simu ipeleke ndani."