Baada ya moto wa karakana

Fundi hakuoshwa. Sheikh aliingia chumbani, akafunua shuka kidogo, akaifunika tena, akasema maji yataondoa ngozi, atatayamamishwa. Nikatumwa mchanga safi. Nilikuwa kijana, na tayamamu nikiijua ya msafiri aliyekosa maji tu. Sheikh akapiga viganja mchangani, akampangusa marehemu uso. Akapiga mara ya pili, akampangusa mikono, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Udi ulifukizwa, lakini harufu ya petroli haikutoka.

Mwanafunzi wa fundi alikuwa amevushwa kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, ili apelekwe Mombasa. Hakufika hata Witu.

Karakana ilikuwa Langoni, hapa Lamu, chini ya nyumba ya mawe ya zamani. Wakitengeneza mashine za boti, na petroli ya kuuza ikikaa humo humo, kwenye mapipa na madumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Siku ile ulitambaa hadi kwenye jiko la makaa lililokuwa na birika la chai. Gari la zima moto lingepita wapi, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana lazima mmoja arudi nyuma? Watu walipanga safu kutoka gatini wakipokezana ndoo, na yale maji yakaubeba moto hadi barazani kwa jirani, mpaka wazee wakapiga kelele, "Mchanga! Leteni mchanga!" Boriti za dari zilikuwa zimeshaanza kuanguka.

Kuzika, watu wetu wanajua. Matanga yalijaa, hitma ikasomwa, na kila aliyeingia alikumbusha hadithi kwamba aliyekufa kwa moto ni shahidi. Mwenye karakana alinunua sanda, akaleta mchele na sukari, akakaa mbele kabisa akipokea pole pamoja na wafiwa. Ami yangu, nahodha, ndiye pekee aliyeuliza: "Na yale mapipa, nani aliyeruhusu yakae katikati ya nyumba za watu?"

Mzee mmoja akamkata. "Nahodha, usitie maneno matangani. Ni kudra ya Mola."

Watu wakaitikia, na maneno yakaishia hapo. Mimi kudra naiamini, ila sijaona mahali iliposemwa kwamba mwenye mapipa asiulizwe.

Mke wa fundi alikaa eda yake, miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha alivaa buibui, akamchukua mama yangu, wakaenda kwa yule bwana, ambaye alikuwa amekwisha kufungua karakana nyingine mtaa wa pili.

"Nimefuata mshahara wa mume wangu, na spana zake. Spana zilikuwa zake mwenyewe."

Spana, akaambiwa, ziliungua. Kisha bwana akafungua daftari. Chini ya jina la fundi, upande wa madeni, paliandikwa mchele wa matanga, kilo kwa kilo, na sukari.

Mama anasema mwenzake aliusoma ukurasa wote hadi chini, kisha akamwambia, "Sanda umeisahau."

Habari ilifika gatini kabla ya adhuhuri. Manahodha wakaacha kununua petroli kwake, ami akiwa wa kwanza. Mshahara ulilipwa kabla ya kusi kuanza, na thamani ya spana juu yake. Mapipa yalibaki palepale, katikati ya nyumba za watu.