Siku moja maishani mwangu: mkonga, stelingi boksi na nati moja

Saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa nimeshaswali, nimekunywa chai na mhogo wa kuchemsha, na nimesimama uani nikilitazama gari. Ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1996, ile pikapu ambayo wengi tunaiita mkonga kwa sababu ya bomba la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo. Lililetwa jana jioni, usukani ukicheza, na dereva wa mama mmoja anayepeleka salfa Tandahimba. Huu ndio msimu wa kupuliza mikorosho, ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri mtu, na mama alikuwa ameshanipigia mara mbili kabla jua halijachomoza.

Kazi yangu wanaiita gereji bubu. Sina kibao wala shimo la kuingilia chini ya gari. Nina mwembe hapa Mikindani, jeki mbili, stendi nne, na sanduku la spana nililolijaza moja moja kwa miaka 14. Nayaandika haya kwa sababu wenye magari wengi huamini fundi wa chini ya mti anabahatisha, na akichelewa basi anatafuta pesa ya ziada.

Saa 1 mpwa wangu alifika. Ni mtoto wa dada yangu, mwaka wa pili huu ananifuata kazini. Nilimkalisha kwenye usukani auchezeshe kidogo kidogo kulia na kushoto, mimi nikalala chini nikiwa nimeshika viungo kimoja kimoja. Hatua hii mafundi wengi wanairuka. Usukani unaocheza si lazima stelingi boksi, lile boksi la chuma linalopeleka mzunguko wa usukani kwenye rodi za magurudumu, liwe bovu; inaweza kuwa tai rodi endi, yaani jointi za mwisho wa rodi hizo, jointi ya shafti ya usukani, hata bolti za boksi zilizolegea. Hapa jointi zilikuwa nzima. Shafti inayoingia kwenye boksi ilizunguka karibu robo duara kabla pitimani, ule mkono wa chuma unaotoka chini ya boksi kusukuma rodi, haujatikisika. Na chini kote kulilowa oili.

"Fundi, si ukaze tu ile skrubu ya juu?" dereva akasema. "Mwezi wa tatu walikaza, likakaa sawa."

Nilimweleza kwa utaratibu, maana ni swali ninaloulizwa kila mara. Boksi la namna hii lina gololi zinazotembea kati ya skrubu nene na nati yake, na nati ile ina meno yanayosukuma meno ya shafti ya chini, ile inayoshika pitimani. Meno hulika zaidi pale katikati, kwa sababu gari muda mwingi linakwenda mbele moja kwa moja. Ukikaza ile skrubu ndogo ya juu mpaka mchezo wa katikati uishe, pembeni ambako meno hayajalika panabana. Dereva akikata kona, usukani unagoma kurudi wenyewe. Sasa mpakie tani ya salfa, umpe mteremko wa Newala. Dereva alinyamaza, lakini niliona hakukubali.

Boksi lilikuwa la kubadilishwa. Kufikia saa 3 tulikuwa tumeinua mbele, tumeegemeza kwenye stendi, tumemwaga oili, tumefungua paipu mbili na kuziba midomo yake kwa vitambaa safi, tumeachanisha shafti na kuufunga usukani kwa kamba usizunguke ovyo. Ilibaki pitimani.

Nati yake ilitoka kwa spana na bomba la futi nne, mimi na mpwa wangu tukivuta pamoja. Sikuitoa yote, niliiacha imeshika uzi wa mwisho ili mkono ukiachia usiruke usoni kwa mtu. Kwa patasi niliweka alama kwenye mkono na kwenye shafti. Kisha nikafunga pula, kifaa cha miguu ya kuvutia chuma kilichobana, nikakaza, nikagonga. Haikusogea.

Mkono ule umekaa kwenye meno membamba yaliyochongwa kama koni. Unapokazwa hujibana kwenye shafti, na gari lililokaa pwani miaka hii yote, chumvi na kutu vimekuwa gundi. Kukata kwa grainda sikuweza: boksi lililotoka Kariakoo lilikuja bila mkono, kwa hiyo huu wa zamani ndio utakaorudi. Nilipaka mafuta ya kulegeza kutu, nikasubiri, nikakaza tena. Mguu mmoja wa pula ukateleza ukanichana kidole. Mpwa wangu akapanda bodaboda kwenda mjini kuazima pula nzito kwa fundi mwenzangu.

Dereva akavuta kiti karibu. Simu ikaita, ni mama. "Mwanangu, wakulima wananisubiri. Umefika wapi?" Nikamwambia, mama, nipo kwenye nati ya mwisho. Baada ya nusu saa akapiga tena. Dereva naye: "Fundi, tangu saa 4 upo kwenye chuma hicho hicho." Ni kweli nilikuwepo. Mtu aliyekaa kwenye kiti haoni kwamba tangu saa 4 chuma kile kimekazwa, kimegongwa, kimepakwa mafuta, kimeachwa kipumue, kimekazwa tena. Anaona fundi amelala.

Pula ilifika baada ya adhuhuri. Nayo ikakaza mpaka nikaogopa itapasuka. Nikaenda kwa jirani anayechomelea, gesi ilikuwa imemwishia, anasubiri mtungi. Tukasubiri wote. Tulikula ming'oko aliyopita nayo mama mmoja kichwani, ikiwa bado na mvuke, na hicho ndicho chakula cha mchana.

Saa ngapi mtungi ulikuja sikuangalia. Tulikwishafungua rodi kutoka kwenye mkono ili moto usiue mpira na grisi ya jointi. Nikamwambia mpwa wangu auzungushe moto taratibu kwenye mkono tu, shafti aiache, na chuma kisifike kuwa chekundu, maana mkono huu ukipoteza ugumu wake utakuja kukatika barabarani na watu ndani. Pula ikiwa imekazwa, tukashika nyundo mbili, moja kila upande, tukapiga kwa pamoja. Moja, mbili, tatu. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, jasho limeniziba macho. Pigo la nne au la tano, mlio ukabadilika.

"Mjomba, imesema!"

Pigo lililofuata mkono ukaachia kwa kishindo, ukadakwa na ile nati. Nililala palepale mchangani kwa muda, sikuweza hata kuinuka.

Yaliyobaki ni kazi ninayoipenda. Boksi jipya, yaani la mtumba, nililikagua kwa mkono: linazunguka laini, halikwami popote. Nikalibadilishia sili ya chini, ule mpira unaozuia oili isivuje, likiwa bado mezani, maana likishafungwa kuifikia ni shida. Nikafuta matope kwenye chesisi na kutazama kama kuna ufa karibu na matundu ya bolti, hakuna. Nikahesabu mizunguko ya boksi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikarudi nusu yake, hapo ndipo katikati. Magurudumu yakanyooshwa, mkono ukaingia kwenye alama yake, nati ikakazwa kwa spana ya kupimia.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama tulipotia ATF, oili ya usukani. Dereva alitaka kuwasha injini. Nilikataa. Kwanza matairi yakiwa hewani na injini imezimwa, usukani unapelekwa pole pole mwisho hadi mwisho, mara nyingi, huku mwingine anaongeza oili kila inaposhuka. Ukiwasha mapema, pampu inapiga povu na hewa inagoma kutoka. Tulipowasha, oili ilibaki safi, pampu haikulia.

Tulilijaribu gari barabara ya Mtwara taa zikiwa zimeshawaka. Nilikata kona, nikaulegeza usukani, ukarudi wenyewe. Dereva akaomba aendeshe yeye. Alikwenda mpaka karibu na uwanja wa ndege, akageuza, hakusema neno njia nzima. Tuliposhuka alinipa mkono na kusema, "Ahsante, kaka." Tangu asubuhi alikuwa ananiita fundi.

Mama alituma shilingi 80,000 tulizokubaliana. Sikudai ya kuchelewa.

Saa 3 usiku, baada ya kuoga, mpwa wangu alilileta boksi bovu kibarazani na sufuria ya dizeli. Tukalifungua kwa mwanga wa tochi ya simu. Meno ya pembeni yalikuwa mazima, yanang'aa. Ya katikati yalikuwa yamelika mpaka kucha ya kidole inazama, na pembeni yake kuna mikwaruzo mipya, pale lilipolazimishwa kwa ile skrubu. Alipitisha kucha pale mara mbili tatu, kisha akaanza kuziosha gololi na kuzipanga kwenye kitambaa.