Broo na diklo zake
Broo anabeba mizigo pale soko la Mbuyuni, Moshi, na mgongo ukianza kumsumbua dawa yake ni moja tu, diklofenaki mbili, vile vidonge vya maumivu, na chai ya rangi, tena asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Miaka na miaka. Kiungulia alikuwa nacho siku nyingi, yeye anasema gesi.

Sasa Jumanne jioni akashika tumbo ghafla, eti kama kachomwa kisu hapa chembe ya moyo, tukampa maji ya tangawizi, mama akasema labda kala kitu kibaya, tukalala (ndio, tulilala!). Asubuhi hataki hata shuka limguse, tumbo limekaza kama ubao. Hospitali wakampiga eksirei amesimama, dokta akatuonyesha kijimstari cheusi juu ya ini, akasema hiyo ni hewa imetoka tumboni, anaingia upasuaji sasa hivi.

Kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka. Kumbe zile diklo zinapunguza ute unaolinda ukuta wa tumbo, asidi inabaki inakula nyama taratibu. Tundu lenyewe dogo kama punje ya hindi, wakaliziba na yale mafuta yanayofunika utumbo, ila kazi ilikuwa kuosha, chupa kwa chupa za dripu, maana uchafu ulishasambaa usiku kucha wakati sisi tunakoroma. Kitanda cha pili kulikuwa na dogo mmoja, yeye taifodi ndo ilimtoboa utumbo, alikuwa anapewa panadoli tu nyumbani.

Mi nilidhani wakishashona imeisha. Wapi! Siku ya 5 bandeji ikaanza kulowa, harufu usipime, wakafungua nyuzi mbili usaha ukamwagika, wakaupeleka maabara kuotesha waone ni wadudu gani, jibu likaja kwamba seftriaksoni, antibayotiki aliyokuwa anachomwa, wale wadudu hawaisikii kabisa, ikabidi dawa ibadilishwe na hiyo nyingine bei yake ilitutoa jasho. Kidonda kikaachwa wazi, kinasafishwa kila siku, mtu wa kubeba gunia la kilo 100 analia kama mtoto akiona tu sista anakuja na kitoroli.

Saa hii yuko nyumbani Pasua, dawa za kuua bakteria wanaoleta vidonda vya tumbo nazo kamaliza. Jana mama anafua jaketi lake kakuta kipande cha diklo mfukoni, broo anaapa ni ya zamani, mama hajajibu kitu, kaenda kuitupa kwenye jiko la mkaa.