Kabla hujapanda kuziba bati linalovuja

Paa likivuja wengi hukimbilia ngazi, ilhali kazi huanzia ndani. Ingia darini mchana, zima tochi, subiri macho yazoee giza: tundu litajionyesha lenyewe kwa mwanga. Huko kanyaga mbao za kenchi tu, yaani fremu inayobeba paa. Jipsamu haibebi mtu. Sasa washa tochi, uzichome papi, zile mbao ambazo bati hupigiliwa juu yake, kwa bisibisi. Ikizama bila kulazimishwa, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na atakayesimama juu yake atashuka nayo. Pima tundu liko umbali gani kutoka ukutani, usije ukalitafuta ukiwa juu.

Halafu umeme. Nyumba nyingi waya wa kutoka kwenye nguzo hufungwa upenuni. Kuzima meni swichi hakuuzimi, kwa sababu waya huo unafika kabla ya mita. Ganda lake likichunika kwa jua na waya kugusa bati, paa zima linaweza kuwa na umeme. Ukiona hivyo, shirika la umeme likate kwanza, na ngazi ya aluminiamu isisogee hapo.

Ngazi yenyewe: kila mita 4 za kimo, miguu ikae mita 1 kutoka ukutani. Juu ipite upenu kwa mita 1 hivi, na ifungwe kwa kamba. Penye mchanga, weka ubao chini ya miguu yake.

Panda umande ukishakauka, ushuke kabla bati halijaanza kuunguza. Tembea juu ya mistari ya misumari, maana chini yake ndiko kuna papi. Bati jembamba la geji 32 ukilikanyaga katikati linabonyea, maungio yanaachana, na masika yajayo unaitwa tena. Mteremko ukiwa mkali au bati limechoka kwa kutu, tandika ubao unaofikia papi 3. Bati la plastiki la kupitishia mwanga usilikanyage kabisa, hata penye misumari: jua hulikausha likawa kama biskuti, na likishapakwa rangi hulitambui kati ya mengine. Paa la asbesto nalo huvunjika ghafla, tena vumbi lake huharibu mapafu. Usilikate wala kulitoboa.

Kamba ya usalama pitisha juu ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, funga upande wa pili kwenye nguzo imara au mti. Kwenye gari kamwe! Kuna siku mtu ataliwasha. Mkanda uwe wa mwili mzima, si wa kiunoni, na kamba iwe fupi ikuzuie kabla hujafika ukingoni.

Msumari uliolegea usiupigilie tena tundu lilelile. Mbao pale haishiki. Ung'oe ukiwa umepiga magoti, ukivutia ubavuni. Ukiuvuta kuelekea kifuani, siku utakapoachia ghafla utarudi kinyumenyume. Badala yake weka skrubu nene zaidi yenye washa ya mpira, kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni maji yanakopita. Kaza mpaka mpira ubonyee kidogo, ukizidisha unapasuka. Misumari ya zamani shuka nayo kwenye ndoo, maana ikibaki juu huambukiza bati kutu.