Siku Nilipompelekea Mgema Wiski

Mwaka 2009 nilikuwa nauza baa katika hoteli moja Raskazone, Tanga. Mteja akiagiza bia tulimuuliza swali moja tu: baridi au ya moto? Ya moto ni ile ambayo haijaingia kwenye friji, basi. Mzee mmoja kutoka Uskoti alinichanganya. Alitaka ya friji, kisha anaiacha kaunta ubaridi upungue. Kwao, alisema, bia ya pipa hukaa chumba cha chini ya nyumba kwenye nyuzi 12 hivi; baridi kali inaua ladha.

Siku ya kuondoka akaniachia robo chupa ya wiski ya kisiwa cha Islay. Akanifundisha na kuinywa: mimina kidogo, nusa kwanza, dondoshea maji harufu ifunguke, ndipo uonje. Nilipogusa ndoo ya barafu alinipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Jumapili nikapanda gari la Pangani, nikashuka Kigombe kwa mjomba. Alikuwa mgema. Nilimkuta juu ya mnazi, miguu kwenye vidato (neno lilelile la shule), kotama mkononi.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba! Subiri nishuke."

Alikata ncha ya karara la maua ya mnazi kipande chembamba kama ukucha, akafunga kibuyu upya. Kazi hiyo ni asubuhi na jioni, hakuna Idi wala Krismasi, maana kidonda kikikauka tembo linakatika. Akateremka na kibuyu kinachotoa povu, nyuki wakimfuata. Tembo la asubuhi ni tamu, hata mtoto angelipenda. Jioni limeshakuwa kali. La kesho yake mkewe aliumulia vitumbua, na likizidi hapo ni siki.

Tukakaa ndani, nikammiminia wiski. Akaniuliza kibandiko kinasema nini.

"Miaka 10, mjomba."

"Miaka 10 imekaa wapi?"

"Kwenye pipa la mti wa mwaloni. Sheria yao inataka angalau miaka 3, la sivyo haiitwi wiski ya Uskoti."

Alicheka hadi akakohoa. "Mimi langu likilala usiku mmoja tu, wateja wanahamia kwa jirani!"

Nikamweleza kuwa ni shayiri iliyooteshwa. Kimea alikijua. Kilichomshangaza ni kwamba kimea hicho hukaushwa kwa moshi wa udongo wa mimea iliyooza, unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Akainusa tena, macho kayafumba.

"Humu wamebanika samaki," akasema.

Nikainua jagi la maji. Akanidaka kiganja.

"Unafanya nini?"

"Ndivyo inavyonywewa, mjomba."

"Mgema akitia tembo maji anatukanwa mji mzima. Wewe unalitia mbele yangu?"

Nikamwambia huko anayetia ni mnywaji mwenyewe, kwenye glasi yake, na haoni haya. Akalifikiria hilo kwa muda. Kisha akainywa kavu kwa mkupuo mmoja, kama dawa. Machozi yakamtoka. Alifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akakaa kimya, akasogeza glasi mbele yangu.

Nikamimina mara ya pili. Akaisukuma kwa kidole mpaka ikagonga jagi.

"Haya, tia. Kidogo. Lakini funga mlango kwanza."