Siku moja na drili za betri, Mikindani, msimu wa mvua

Saa 12:00 asubuhi. Mvua za Mtwara zina msimu mmoja, Novemba hadi Mei, na Machi hii wingu haliaminiki. Betri nne za 18V zinapimwa kwa mita. Kila moja ina seli tano zilizounganishwa mfululizo, kwa hiyo ikijaa husoma karibu 21V. Iliyolala kwenye chaja ikaamka na 17 inabaki nyumbani. Nyingine zinaingia kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, mfuniko umekazwa, kitambaa kikavu chini.

Saa 1:30. Kazi ni kupiga bati, nyumba ipo karibu kabisa na ghuba. Drili haiwekwi kwenye bonde la bati, maana maji yote hupita hapo. Inafungwa kwa kamba kwenye kenchi.

Saa 4:20. Manyunyu. Betri zinavuliwa kwanza, kisha mashine zinashushwa chini ya turubai. Mashine iliyo moto isifungwe kwenye nailoni: mvuke unabaki ndani na kulowesha swichi. Alama ya IP54 ubavuni maana yake inavumilia vumbi na maji ya kurushiwa tu. Kuzama haivumilii.

Saa 5:10. Impakti, mashine ya kukazia skrubu kwa kugonga, imeteleza kutoka kwenye ngazi, ikaingia shimo la msingi ambalo maji ya bahari hulifikia yakijaa. Hayo ni maji ya chumvi, na hapa dakika zina thamani. Swichi haiguswi. Betri inachomolewa, na vipande vyake vya shaba tayari vinatoa viputo vidogo: umeme unapita kwenye chumvi na kula chuma. Mwili wa mashine, bila betri, unasuuzwa kwa maji baridi ya kisima, ndoo mbili, mpaka ukiramba kidole usisikie chumvi. Ikiachwa ikauke na chumvi yake, kutu ya kijani itaanza kwenye nyaya. Mchele hausaidii, unga wake unaingia kwenye matundu ya hewa.

Saa 7:00. Ubwabwa na samaki.

Saa 9:40. Mvua imekata. Impakti inafunguliwa kwa bisibisi ya nyota, skrubu zinapangwa kwenye kadibodi kwa mpangilio wa matundu yake, kwa sababu urefu unaweza kutofautiana. Mswaki laini uliochovywa spiriti unapita kwenye bodi na nyuma ya swichi, ambako maji hujificha. Grisi iliyogeuka nyeupe kama uji imeshachanganyika na maji: inafutwa yote, inapakwa mpya. Kisha feni, kivulini, siku mbili kamili. Juani plastiki inapinda.

Saa 1:00 usiku. Chaja inakaa juu ya meza, mbali na dirisha. Yenyewe haina kinga yoyote ya maji, na nyuma yake kuna 230V. Betri zilizotoka kazini zinapoa nusu saa kwanza. Miguu ya betri, inayogusana na chaja, inafutwa kwa pamba kavu.

Betri iliyozama na impakti haichajiwi kamwe, hata ikionekana kavu na taa zake zikiwaka. Chumvi iliyobaki kwenye bodi inaweza kupiga shoti saa au siku kadhaa baadaye, na moto wa lithiamu ni mgumu kuzima. Imewekwa uani juu ya mchanga, hatua kumi kutoka ukutani, kipande cha bati kimeinuliwa kwa matofali juu yake ili mvua isiifikie. Watoto wa nyumba wameambiwa wasiisogelee.