Yoga siyo kujinyoosha tu
Jamani nimeanza yoga na kilichonikamata zaidi ni pumzi. Asubuhi kabla sijashika simu nakaa kwenye mkeka, naziba tundu la pua la kulia kwa kidole gumba navuta hewa kwa kushoto taratibu, naziba la kushoto natolea kulia, navuta tena hukohuko kulia natolea kushoto, inaitwa nadi shodhana na akili inatulia kweli. Ila mwalimu katuambia Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga kule India, alitaja hatua 8 za yoga na ya kwanza ni yama, yaani usiumize mtu, usiseme uongo, usiibe, mikao inakuja ya 3! Kwa hiyo siku hizi hata konda akinijibu vibaya kwenye daladala navuta pumzi kwanza ndo namjibu kwa upole. Anayetaka kuanza aje inboksi tuelekezane, bure kabisa.